Siku Ngoma ya Nyamizi Iliponyamaza

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na mto, na watu wa huku, na watu wa ng'ambo.

Basi sogeeni karibu na moto. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana hadithi hii haipendi kukatizwa.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wanaelewana kwa maneno, palikuwa na mto ulioitwa Mwelu. Ulikuwa mto mpana, maji yake yana nguvu, hauogeleki. Upande wa huku palikuwa na mashamba, upande wa ng'ambo palikuwa na malisho, na pande zote mbili palikuwa na ndugu waliooana na kuoleana. Katikati ya mto aliishi Mamba. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye mto. Aliyempenda alimvusha mgongoni, aliyemchukia alimwacha ukingoni, na akiwa na njaa hakumpenda mtu yeyote. Watu waliishi hivyo vizazi na vizazi, mama upande huu na mtoto upande ule.

Hata siku moja wakachoka. Watu wakasuka kamba nene kama paja la mtu mzima. Tembo akashika ncha ya huku, Nyati akashika ncha ya ng'ambo. Wengine wakaingia majini na mikuki, na miti yenye moto, na kelele za kila namna, wakamsukuma Mamba akateremka na maji mpaka kwenye maporomoko, asionekane tena. Wapo waliokufa siku hiyo. Mtu mmoja aliyeitwa Lushinge alipoteza mkono wake wa kushoto. Jioni ile kamba ikafungwa kutoka ukingo hadi ukingo, na chini yake wakatia chelezo, magogo yaliyofungwa pamoja, ili kila atakaye kuvuka avushwe.

Siku ile wakaiita Sikukuu ya Kamba. Wakakubaliana kwamba kila mwaka, mvua za kwanza zikipita, wote wakutane uwanjani karibu na kivuko. Siku hiyo mtu asitumwe kazi na mtu. Siku hiyo mtu asizuiwe njia yoyote. Na siku hiyo wote wapige kura kumchagua mtunza kivuko, atakayevuta chelezo na kukaza kamba mpaka Sikukuu nyingine.

Kura yao ilikuwa hivi. Ndani ya kibanda, nyuma ya mkeka uliosimamishwa, vilipangwa vibuyu, kila anayetaka kazi na kibuyu chake. Mlangoni alisimama Korongo, kwa sababu Korongo ana shingo ndefu na huona mbali, tena si mtu wa maneno mengi. Kila aliyefika alipewa mbegu moja ya mbono, akaingia peke yake, akaitia kwenye kibuyu alichokitaka, akatoka. Alipotoka alipakwa udongo mwekundu mguuni, asirudi mara ya pili. Jua likishuka, kibanda kilifungwa na mbegu zikahesabiwa hadharani. Baada ya hapo ndipo ngoma ilipopigwa na chakula kikaliwa.

Ndivyo walivyokubaliana. Lakini waliomfukuza Mamba walizeeka, wakafa, na waliozaliwa baada yao waliikuta kamba imekwisha kufungwa. Hawa waliijua Sikukuu kama siku ya kula na kucheza. Ngoma ikaanza kupigwa mchana, kisha asubuhi. Korongo akawa anasimama mlangoni kwake na kikapu cha mbegu, anatazama vumbi la wachezaji.

Na mpiga ngoma wa siku hizo alikuwa mwanamke aliyeitwa Nyamizi, mjukuu wa yule Lushinge.

Nyamizi alikuwa fundi. Ngoma yake aliirithi kwa baba yake, imewambwa ngozi ya kenge aliyekufa kwa uzee, na akiipiga hata mbuni mzee aliyevimba magoti alisimama. Hakuwa na mume wakati huo wala hakuwa na haja ya kuulizwa anakokwenda. Leo alipiga kwenye harusi ya watu wa huku, kesho alivuka na ngoma yake mgongoni akapige kwenye mavuno ya watu wa ng'ambo, na akirudi alipitia kwa mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi ng'ambo kwa Kabula, mdogo wake Nyamizi. Aliamka alipotaka na alikwenda alikotaka. Angeulizwa uhuru ni nini angecheka, kama mtu anayeulizwa hewa ni nini.

Mtunza kivuko wa miaka hiyo alikuwa Kanga. Kamba aliikaza vizuri, chelezo alikifagia, ila mdomo wake haukupumzika. Alikuwa akiwaambia watu wasikanyage hapa, wasiegemee pale, watoto washikwe, mizigo ishushwe. Watu walikuwa wamemchoka. Nyamizi alikuwa na wimbo wa kumwiga Kanga, na kila alipouimba watu walijipinda kwa kicheko.

Mwaka mmoja Fisi akasema naye anataka kutunza kivuko. Hakuna aliyeshangaa sana. Fisi alikuwa mcheshi, hajui kununa. Siku ya Sikukuu alikuja na samaki wa kukaushwa kwa walao samaki, na matikiti kwa walao majani, na asali kwa kila mwenye ulimi. Akawaambia kuleni, mimi ni mtumishi wenu tu. Kisha akamwomba Nyamizi apige ngoma mapema, watu wafurahi tangu asubuhi. Nyamizi akapiga.

Jua lilipofika utosini, Korongo alikuja mpaka ukingoni mwa uwanja.

"Nyamizi, mbegu yako hii hapa."

"Nitakuja ngoma ikitua," akasema Nyamizi.

Ngoma haikutua. Fisi na ukoo wake walikuwa wamekwenda kibandani alfajiri, kabla umande haujakauka, na miguu yao yote ilikuwa na udongo mwekundu. Jua liliposhuka mbegu zilimwagwa juu ya jamvi, nazo zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa za Fisi. Kanga akakabidhi kivuko, akaenda zake na maneno yake. Watu wakasema afadhali, sasa tutavuka kwa raha.

Na kweli walivuka kwa raha kwa muda. Kisha Fisi akaweka neno. Akasema tangu sasa kila anayevuka aseme anakwenda wapi na kwa nani. Ni kwa usalama wenu, akasema. Watu wakaona kusema si kazi ngumu. Wakati huohuo alimwita Nyamizi akamwomba kwa upole alitie jina lake kwenye wimbo mmoja, hata mwishoni. Nyamizi akalitia. Jina ni neno tu kama maneno mengine, aliwaza, na Fisi alimpa tabasamu la meno yote.

Mwaka ukazunguka, Sikukuu ikafika. Samaki wakawa wengi zaidi, asali ikawa nyingi zaidi. Korongo akaja ukingoni mwa uwanja.

"Nyamizi, mbegu yako hii hapa."

"Nitakuja ngoma ikitua."

Ngoma haikutua, na Fisi akachaguliwa tena. Baada ya hapo akaweka neno la pili. Anayetaka kuvuka aje kuomba ruhusa siku moja kabla. Ni kwa usalama wenu, akasema. Wapwa zake wakawekwa kwenye kamba, wawili huku na wawili ng'ambo, ili waulize vizuri. Nyamizi aliombwa nyimbo zote zianze na jina la Fisi. Alikunja uso kidogo, lakini akaziimba, maana aliambiwa ruhusa yake ya kuvuka itakuwa tayari siku zote, hata bila kuomba. Wenzake walipopanga mstari juani, yeye alipita na ngoma yake mgongoni. Hakupenda kuwatazama usoni alipopita.

Mwaka wa tatu Sikukuu ikafika, uwanja ukajaa, vumbi likapanda.

"Nyamizi, mbegu yako hii hapa."

"Nitakuja ngoma ikitua," akasema, na safari hii hata hakugeuza shingo.

Fisi akachaguliwa mara ya tatu. Akaweka neno la tatu, kwamba watavuka wale tu wanaojulikana kuwa na moyo mwema kwa kivuko. Nani atakayeujua moyo? Fisi. Ni kwa usalama wenu, akasema, na watu wakatazamana.

Siku chache baadaye akamwita Nyamizi nyumbani kwake. Akamkaribisha kiti, akampa maji ya asali. Akamweleza kwamba anataka wimbo mpya, wimbo wa jinsi yeye Fisi alivyomfukuza Mamba peke yake, akiwa kijana, wengine wote wakiwa wamejificha vichakani.

Nyamizi akaweka kibuyu cha asali chini.

Alimkumbuka babu yake. Alipokuwa mtoto alikaa kwenye paja la mzee yule, naye mzee akimshika kwa mkono mmoja, kwa sababu mwingine ulikuwa umebaki mtoni. Fisi hakuwa amezaliwa siku Mamba alipofukuzwa, wala baba yake Fisi hakuwa amezaliwa.

"Huo siimbi, Bwana Fisi," akasema.

Fisi hakukasirika. Alicheka kidogo, akasema sawa dada yangu, hakuna shida, mtu halazimishwi kuimba. Akamsindikiza mpaka mlangoni. Nyamizi alirudi nyumbani akijisifu moyoni kwamba amesema neno lake na hakuna lililompata.

Mvua kubwa zilipoanza, mtu mmoja wa ng'ambo alimpigia ukelele kutoka ukingoni kwamba mama yake yu mgonjwa, na Kabula anasema aje haraka. Nyamizi akafunga khanga yake kiunoni, akashuka kivukoni. Wapwa wa Fisi walikuwa wamekaa juu ya chelezo wakitafuna mfupa. Wakamwambia Bwana Fisi amelala, na bila yeye hawawezi kumvusha, aje kesho.

Akaja kesho. Wakamwambia Bwana Fisi amekwenda kutembelea jamaa, aje kesho.

Akaja kesho. Bwana Fisi alikuwepo mwenyewe, amekaa kivulini mwa kibanda chake. Alimsalimia vizuri, akamuuliza hali ya mgonjwa, akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akasema kwamba moyo wa Nyamizi kwa kivuko bado haujajulikana vizuri, lakini wimbo ule ukiwa tayari utajulikana mara moja. Nyamizi akautazama mto, maji mekundu yamejaa mpaka kwenye majani ya ukingo. Aliyafikiria maneno ya wimbo. Mwishowe akafungua mdomo aseme ndiyo, ataimba chochote, maana mama ni mama.

Kabla hajasema, kilio kikasikika kutoka ng'ambo.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Kabula, akaitambua. Kisha wakaitikia wanawake wengine, kisha wanaume. Nyamizi hakulia. Hakumtazama Fisi wala hakuomba tena. Alikwenda nyumbani, akaichukua ngoma, akarudi mpaka mwisho wa ukingo, mahali maji yanapolamba mawe, akapiga ngoma ya msiba. Alipiga polepole, kama inavyopigwa mtoto anapomzika mzazi. Wa ng'ambo walipoisikia walijua kwamba Nyamizi yupo, ila amezuiwa upande wa pili. Walipomzika mama yake, alikuwa bado anapiga. Hakuliona kaburi.

Baada ya matanga, aliyoyakaa peke yake huku, alikwenda kwa Korongo. Alikuwa na hasira na mtu, lakini hakujua ni nani. Akamuuliza ni nani hawa waliomweka Fisi pale, wajinga gani hawa, watajwe.

Korongo akainua mguu mmoja, akakaa hivyo muda mrefu kama desturi yake.

"Mbegu zilizomweka zilikuwa chache," akasema. "Nyingi zilibaki kwenye kikapu changu. Yako ilikuwamo, miaka yote mitatu."

Nyamizi akakaa chini palepale mlangoni pa kibanda. Jua likasogea, kivuli cha Korongo kikampita. Alipoinuka aliaga kwa heshima na kwenda zake.

Tangu siku hiyo hakupiga ngoma mahali popote. Wengine walisema ni majonzi. Alipita nyumba kwa nyumba kutoa shukrani kwa waliompa pole, na kila alipokaa watu walimwambia mambo yao, maana aliyefiwa huambiwa mambo. Ngiri alikuwa na watoto ng'ambo asiowaona tangu wakati wa kupalilia. Swala alikuwa amekosa malisho mwaka mzima kwa sababu alicheka mpwa wa Fisi alipoteleza. Mbuni aliyevimba magoti alikuwa na dawa yake ng'ambo. Nyamizi alisikiliza, na alipowauliza kama walitia mbegu, kila mmoja alisema hapana, siku ile ngoma ilikuwa tamu. Walisema hivyo bila ubaya, wala hawakujua walivyomchoma.

Sikukuu ilipokaribia, Fisi alituma mtu. Alitaka ngoma ipigwe tangu mapambazuko, isitue mpaka jua lishuke. Wasaidizi wa Fisi walitarajia mwanamke yule akatae, na walikuwa wamejipanga kwa hilo. Nyamizi akasema sawa, nitapiga.

Habari zikaenea. Watu wakasema ameuza uchungu wake kwa samaki wa kukaushwa. Kanga, ambaye safari hii alikuwa ameweka kibuyu chake tena, alikuja mpaka uani kwa Nyamizi akamwambia maneno mengi makali, na Nyamizi akaendelea kupepeta mtama. Ngiri naye alikuwa ameweka kibuyu, ingawa hakuna aliyejua kwa nini, maana Ngiri ni mzito wa kila kitu, wa kutembea na wa kusema.

Siku ikafika. Jua halijachomoza vizuri, ngoma ya Nyamizi ikalia.

Jamani, alipiga siku hiyo. Alikuwa amekaa miezi bila kuigusa, na mikono ilikuwa na kiu. Waliosema hawatakwenda wakatoka. Waliojifungia wakafungua milango. Mbuni aliletwa akiwa ameshikwa huku na huku. Uwanja ulijaa kuliko mwaka wowote waliokuwa wakiukumbuka, na Fisi alikaa kwenye kiti chake cha mbele, akicheka, akigawa matikiti, akiona jinsi kazi inavyokwenda vizuri. Korongo alikuwa mlangoni kwake, kikapu kimejaa.

Jua lilipofika utosini, Nyamizi akaweka viganja vyote viwili juu ya ngozi ya ngoma, akaibana. Sauti ikakatika.

Miguu iliyokuwa hewani ikashuka bila mdundo. Watu wakagongana, wakasimama, wakafuta vumbi machoni. Hawakuwa wameuzoea ukimya ule. Mto ukasikika. Hawakuwa wamewahi kuusikia mto siku ya Sikukuu.

Fisi akauliza, bado anacheka, kama ngozi imepasuka.

"Ngozi ni nzima," akasema Nyamizi. "Ngoma ni yangu na mikono ni yangu. Nakwenda kupiga kura."

Akaifunga ngoma mgongoni kwa khanga, kama mtoto, akaanza kutembea kuelekea kibandani. Hakujua kama kuna anayemfuata, na aliogopa kugeuka akute hakuna.

Wapwa wa Fisi wakamkimbilia wakasimama mbele yake. Nyamizi naye akasimama. Kisha sauti nzito ikatoka nyuma, ya Ngiri, ikisema taratibu kwamba leo ni Sikukuu ya Kamba, na siku ya leo mtu hazuiwi njia. Hilo hata watoto wanalijua. Ndilo neno moja la Sikukuu ambalo hakuna aliyekuwa amelisahau, kwa sababu watoto hulitumia wakizuiwa kwenda kucheza. Watu wakaanza kulirudia. Leo mtu hazuiwi njia, akasema mmoja. Leo mtu hazuiwi njia, wakasema wengine. Leo mtu hazuiwi njia, ukasema uwanja mzima, na wapwa wakamtazama mjomba wao, na mjomba wao akawaashiria waondoke, maana hakutaka kuonekana anazuia njia mbele ya watu wote siku hiyo ya siku.

Si wote waliomfuata Nyamizi. Nisiwadanganye. Wapo waliobaki na samaki wao, wakasema Fisi angalau analisha. Lakini mstari ulianza, ukazunguka kibanda, ukafika kwenye miti ya chini.

Swala alikuwa nyuma ya Nyamizi, anatetemeka masikio. Alinong'ona kwamba Fisi atajua tu aliyemnyima mbegu.

"Mle ndani hamna macho zaidi ya yako," Korongo akamwambia. Kisha akainama kwenye kikapu. "Nyamizi, mbegu yako hii hapa."

"Nipe," akasema Nyamizi.

Aliingia nyuma ya mkeka. Kulikuwa na giza kidogo na harufu ya vibuyu vikavu. Alikuwa amewaza kwamba akifika hapa kila kitu kitakuwa chepesi, na haikuwa hivyo. Kibuyu cha Fisi kilikuwa na alama ya jino. Cha Kanga kilikuwa na madoa meupe. Cha Ngiri hakikuwa na alama yoyote, pengine alichelewa kuiweka. Kanga alimtukana uani kwake juzi tu. Ngiri alimfungulia njia sasa hivi, lakini Ngiri ni mzito, na kivuko kinataka mwepesi. Alikumbuka kamba jinsi Kanga alivyokuwa akiikaza, na chelezo kilivyokuwa kikifagiliwa, na wimbo wake wa kumwiga. Akaitia mbegu kwenye kibuyu cha madoa. Ilitoa sauti ndogo sana. Akatoka, akapakwa udongo mguuni, akaenda kukaa ukingoni.

Jua liliposhuka kibanda kikafungwa. Mbegu zikamwagwa juu ya jamvi, watu wakiwa wamelizunguka wamesimama. Za Fisi zilikuwa nyingi, zaidi ya alivyodhani Nyamizi. Za Kanga zilikuwa kidogo chini ya hizo. Za Ngiri, zilipomalizika kumwagwa, zilizidi za Fisi.

Ngiri mwenyewe alikuwa wa mwisho kuelewa. Kanga akasema hilo haliwezekani, akasema sana. Fisi akataka zihesabiwe upya. Zikahesabiwa upya, polepole, kila mbegu ikiinuliwa juu ionekane, na ikawa vilevile. Fisi akasimama, akakung'uta vumbi mapajani. Tabasamu lilikuwa bado lipo lakini limechoka. Akawaambia watamkumbuka wakiona njaa, na kwamba mwakani atarudi.

"Rudi," akasema Korongo. "Mbegu yako itakuwepo kama ya kila mtu."

Jioni ile watu walitaka ngoma. Nyamizi akawaambia mikono imechoka, pigeni makofi. Wakapiga makofi, wakacheza hivyohivyo, vibaya, wengine wakikosea, na ilikuwa ni sherehe.

Asubuhi alivuka. Hakuulizwa anakwenda kwa nani. Kabula alimpokea mlangoni, wakashikana, lakini Kabula hakuwa na maneno mengi. Walipofika kaburini akasema, bila kuinua macho, "Tulikusubiri, dada. Mama alikutaja mpaka alipoacha kutaja."

"Nilisikia kilio," akasema Nyamizi.

"Nasi tulisikia ngoma."

Walipalilia kaburi kwa mikono, mmoja upande huu na mwingine upande ule, mpaka nyasi zikaisha. Nyamizi alimweleza mdogo wake yote, pamoja na zile mbegu zilizobaki kikapuni. Kabula alisikiliza. Hakusema amemsamehe wala hakusema hakumsamehe. Walipomaliza alimpikia uji, akampa kiti cha mama yao akae.

Alasiri Nyamizi akashuka kivukoni arudi. Ngiri alikuwa peke yake kwenye kamba, anavuta na kupumua, anavuta na kupumua. Chelezo kilikuja polepole hata mtu angeweza kula muhogo mzima akisubiri. Kilikuwa na matope. Kamba ilikuwa imelegea kidogo upande mmoja.

Nyamizi alipopanda hakuweza kunyamaza. Alimwambia kamba imelegea, chelezo ni kichafu, na kwa mwendo huu watu watafika mazishini msiba umekwisha. Kisha akamwambia usoni, "Tena mimi sikukuchagua wewe."

Watu waliokuwa ukingoni wakageuka. Ilikuwa miaka mitatu tangu mtu aseme neno kama hilo pale, mchana, kwa sauti. Kila mmoja alimtazama Ngiri.

Ngiri akafikiri kwa muda wake.

"Mko wengi," akasema. "Shika vizuri, maji yamejaa."

Akaushika mwisho wa kamba, akaukaza alipoweza, akaanza kumvusha.

Hadithi yangu imefika ukingo wa pili, nami naishusha hapo. Aliyeipenda aichukue, asiyeipenda aseme.